Filamu ya bubu kwenye banda la anko

Subufa ya anko iliungua Jumamosi jioni, watu washalipa jero jero wamebanana kwenye mabenchi, hela ishaliwa, ndo anko akanigeukia na ile akili yake. "We mpwa, si una zile za Chaplin kwenye flashi? Weka, zile hazina sauti tangu zizaliwe, spika ya nini?"

Nikamwambia anko, hakuna aliyekuwa anaangalia hizo kimyakimya. Marekani na Ulaya kulikuwa na mpiga piano ukumbini, kumbi kubwa bendi nzima, Japani ndo usiseme, kulikuwa na wasimuliaji wanaitwa benshi, jamaa anakaa pembeni ya skrini anatoa sauti za wahusika wote, na wengine walikuwa mastaa kushinda hata waigizaji. Ni kama Lufufu wetu tu, yule mtafsiri wa filamu.

"Kumbe! Basi simama pale utafsiri."

Nikaweka The Gold Rush ya 1925. Haijakolea, mmoja akapiga kelele mbona wanatembea kama wamepakwa upupu, nikaanza kueleza kwamba kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono, fremu 16 mpaka 20 hivi kwa sekunde, sasa ukizionyesha kwa 24 lazima watu waonekane wanakimbia... "Tafsiri! Darasa kesho!"

Haya. Wamekwama kwenye kibanda, nje theluji, njaa inauma, Chaplin kachemsha kiatu (usishtuke, kilikuwa pipi ya likorishi), kamba anazungusha kwenye uma eti tambi, misumari ananyonya eti mifupa. Yule mwenzake bonge nikampa sauti ya mwenye nyumba wangu, ile ya puani kabisa, "Kijanaaa, leo tarehe ngapi?" Banda likalipuka! Sasa bonge njaa ikampanda kichwani akaanza kumuona Chaplin kuku, kuku mzima na manyoya, anamkimbiza na bunduki, na mimi nimenogewa, "Lete kodi! Leo nakunyonyoa!" Benchi la mbele likakatika kwa vicheko, anko mwenyewe anafuta machozi.

Nikasimama kidogo ninywe maji. Chupa iko mdomoni, nikasikia kutoka nyuma gizani, puani kabisa:

"Kijanaaa. Leo tarehe ngapi?"

Banda zima likapiga makofi, wakajua ni mimi.