Fleti ya Diani haijilipi yenyewe

"Itajilipa yenyewe." Ndivyo madalali wa Diani na Nyali, pwani ya Kenya, wanavyowaambia Wakenya wa Nairobi na wa ughaibuni: nunua fleti ya vyumba viwili karibu na bahari, iweke Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa siku chache, mje likizo bure, na mkopo wa benki watalipa wageni. Hilo la likizo lina ukweli wake. La mkopo ndilo linalofaa kuchunguzwa kabla ya kutia sahihi.

Wanaoshabikia biashara hii wana hoja. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2017, familia ya Nairobi inafika Mombasa kwa saa tano au sita hivi, na barabara ya Dongo Kundu imewaepusha wengi na foleni ya feri ya Likoni. Watu sita wakija pamoja, fleti yenye jiko huwatokea nafuu kuliko vyumba vitatu vya hoteli. Tena mgeni wa ndani hatishiki upesi. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasiende Mombasa, mamia ya watalii walirudishwa kwao kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha. Mwenye nyumba anayetegemea Wakenya ana kinga ambayo hoteli nyingi za wakati ule hazikuwa nayo.

Sasa tupige hesabu, kwa makadirio yangu. Fleti ya shilingi milioni 10, usiku mmoja 7,000. Desemba, Pasaka na Agosti inajaa. Mei na Juni mvua inanyesha na simu haiiti. Tuseme inapata wageni asilimia 45 ya mwaka, yaani siku 164: shilingi 1,148,000. Toa kamisheni ya Airbnb, tuseme asilimia 3, na ya msimamizi anayekupokelea wageni asilimia 20. Toa ada ya jengo, umeme, intaneti, kufua mashuka na matengenezo. Mkononi hubaki kama 420,000 kabla ya kodi ya serikali, na hapo bado hujahesabu fenicha uliyonunua. Ukimpangisha mwalimu au daktari kwa 45,000 kwa mwezi na wewe ukalipa ada ya jengo ya 12,000, unabaki na 396,000 bila kufua shuka hata moja.

Na kama pesa ni za benki kwa riba ya asilimia 14, riba pekee ya mwaka wa kwanza inakaribia milioni 1.4. Wageni watalipa theluthi yake, wakijitahidi. Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu, yaani ilikopa kwa wananchi, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyokatwa kodi. Viwango vimeshuka tangu hapo, lakini aliyeweka milioni 10 kule alianza kupokea zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka, na hapigiwi simu saa nne usiku kwamba tokeni za umeme zimeisha.

Kwa sababu simu zitapigwa. Hewa ya chumvi inakula mashine ya AC iliyo nje, bawaba za milango na hata friji. Tumbili wa Diani wanajua dirisha la jikoni lisilofungwa vizuri. Mgeni atalalamika kwamba maji ya bombani yana chumvi, na ni kweli, ni ya kisima. Kubwa kuliko yote ni yule anayeshika funguo. Mwenye nyumba yuko Nairobi au Doha, kalenda inaonyesha wiki nzima tupu, ila umeme umeliwa kana kwamba AC mbili zilikesha. Kuna mtu amelala pale na amelipa taslimu. Ndiyo maana wenye nyumba waliokomaa husoma mita kabla ya kusoma maoni ya wageni.

Sheria nazo zimekaza. Baada ya mauaji ya wanawake katika nyumba za kukodi Nairobi mwanzoni mwa 2024, serikali iliagiza wenye nyumba za aina hii wajisajili na mamlaka inayosimamia utalii. Majengo mengine yanakataza kabisa wageni wa siku mbili tatu, kwa hiyo soma kanuni za jengo kabla ya kulipa amana. Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini, na ukija kuuza, faida inakatwa asilimia 15.

Je, usinunue? Aliye na pesa taslimu, anayeipenda pwani na angekuja mara kadhaa kwa mwaka hata bila biashara, na ana ndugu wa kuaminika Ukunda, mji ulio jirani na Diani, anunue. Wageni watamlipia ada ya jengo na umeme, na fleti inaweza kupanda bei. Anayetaka kipato tu angemtazama zaidi yule msimamizi wa asilimia 20. Katika hesabu yetu anapata kama 230,000 kwa fleti moja. Akiwa nazo kumi, pesa hizo zinampita mwenye nyumba yeyote kati ya hao kumi, naye hadaiwi na benki wala hanunui AC mpya.