Namba za Ngeli na Kadi ya Chama cha Nazi

Ukisoma isimu ya Kiswahili chuo kikuu, humkwepi Carl Meinhof, mwanaisimu Mjerumani wa lugha za Afrika. Ukisema "mtu" yumo ngeli ya 1, "watu" ya 2 na "kitabu" ya 7, unatumia namba alizoanzisha mwanaisimu Wilhelm Bleek, Meinhof akaziendeleza. Na Meinhof huyo huyo, akiwa mzee wa miaka 75, alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Je, tumfute vitabuni?

Wanaomtetea wana hoja. Kitabu chake cha fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya lugha za Kibantu kilitoka 1899, Hitler angali mtoto wa miaka kumi. Tena ulinganishi wa sauti ni kazi inayopimika: ukikosea, lugha zenyewe zinakusuta.

Tatizo ni kwamba Meinhof hakumsubiri Hitler. Mwaka 1912 alitoa kitabu kuhusu lugha za "Wahamiti", watu waliodhaniwa kuwa jamii tofauti na Waafrika wengine, akazitia humo Kifula, Kimasai na Kinama. Sarufi ilichanganywa na maumbile ya watu, na hao "Wahamiti" wakafanywa bora kuliko Waafrika wenzao. Baadaye mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg alilinganisha maneno na maumbo yake, Kifula kikarudi kwa ndugu zake Kiwolofu na Kiserere, Kimasai kikawekwa na lugha za Kiniloti. Nadharia ikaanguka darasani, lakini ilikuwa imeshafika Rwanda kupitia wengi, wakoloni na wamisionari, Watutsi wakaitwa Wahamiti wageni. Ajabu ni kwamba Watutsi na Wahutu wanazungumza Kinyarwanda kile kile, lugha ya Kibantu!

Kwa hiyo namba za ngeli sitaziacha, zimepimwa, zimesimama. Nisichokubali ni kauli kwamba siasa ilibaki nje ya mlango wa darasa. Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin hata Wanazi walipokuwa madarakani. Huko sarufi ilikuwa ya maprofesa Wajerumani, Husen akiwatamkia wanafunzi maneno. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe, akapelekwa kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, akafia huko Novemba 1944. Meinhof alikuwa amefariki mwaka huo huo, profesa mwenye heshima zake.

Mhadhara wa historia ya isimu ukimtaja mmoja, umtaje na mwingine, kadi ya chama na kambi zikiwa ndani ya somo, si tanbihi.