Nani hasa alisoma Tabora Boys?

Kila msimu wa mahafali unapokaribia, orodha ya "vigogo waliopita Tabora Boys" huanza tena kuzunguka kwenye simu. Ina majina na vyeo, haina mwaka hata mmoja, wala kidato. Anayeipokea huongeza jina moja la mtu wa kwao, kisha anaisambaza. Shule iliyomsomesha Mwalimu Nyerere haistahili kufanyiwa hivyo. Orodha ya kweli inawezekana, na mahali pa kuanzia ni rejesta ya wanafunzi.

Kosa la kwanza ni jina la mji. Mtu akiambiwa fulani "alisoma Tabora", anamwandika Tabora Boys moja kwa moja. Lakini mjini hapa kuna Tabora Girls, Milambo, Kazima na Mihayo, ambayo zamani ilikuwa St. Mary's ya wamisionari. Kuna chuo cha reli pia. Mwalimu mwenyewe huchanganywa. Alisoma Shule ya Serikali ya Tabora, ndiyo hiyo Tabora Boys, kuanzia 1937 hadi 1942, akaenda Makerere. Aliporudi Tabora 1946 alikuja kufundisha St. Mary's. Kumwandika kama mwalimu wa zamani wa Tabora Boys ni kosa, hata liwe limeandikwa kwa mapenzi.

Na anayemtafuta kwenye kumbukumbu za miaka ile asishikilie jina la Julius. Jina hilo alilipata alipobatizwa Desemba 1943, akiwa ameshaondoka Tabora. Atafute Kambarage. Hali ni hiyo kwa wengi wa kizazi kile: jina la ubatizo lilikuja baadaye, ukoo uliandikwa kwa tahajia ya karani, na baba wawili tofauti wakiwa na jina moja, watoto wao wanageuka kuwa mtu mmoja. Kwa hiyo usikubali jina peke yake. Linganisha walau vitu vitatu: jina la baba, shule alikotoka na mwaka wa kuingia. Vikipatana viwili tu, weka alama ya penseli pembeni na uendelee kutafuta.

Mwaka nao una mitego yake. Kabla ya Uhuru watu walihesabu madarasa mpaka la 12, kwa hiyo "darasa la 10" kwenye cheti cha zamani lisisomwe kama kosa la mwandishi. Vyeti navyo vilibadilika: kulikuwa na vya Cambridge, vikaja vya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, kisha Baraza letu wenyewe lililoundwa kwa sheria ya 1973. Ukikuta mtu anadaiwa kumaliza 1960 akiwa na cheti cha Baraza la Mitihani la Tanzania, kuna tatizo, rudi nyuma.

Halafu kuna ubishi wa shule mbili kumdai mtu mmoja. Jaji Joseph Warioba alipita Bwiru, Mwanza, kabla ya kuja Tabora. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu 1962 na tena kuanzia 1972 hadi 1977, alisoma Dar es Salaam kwanza. Sioni sababu ya kugombana. Andika alikosoma, kidato gani mpaka kidato gani, na kila shule ibaki na sehemu yake.

Linaloniuma zaidi ni majina yanayorukwa kwa makusudi. Oscar Kambona alipita shule hii. Alikuwa Katibu Mkuu wa TANU na waziri wa mambo ya nje, akatofautiana na wenzake na kuondoka nchini 1967. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe hapahapa, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza, akajiuzulu, na mfumo wa vyama vingi uliporudi akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha upinzani cha UMD. Orodha inayomtaja Kawawa na Adam Sapi Mkwawa, Spika wa miaka mingi, ikawaacha hawa wawili, imeandikwa kwa woga. Rejesta haiulizi mtu aliishia upande gani wa siasa.

Upungufu mwingine ni kwamba karibu wote wanaotajwa ni wanasiasa. Chanzo chake kinaeleweka: wasifu wa mbunge unapatikana Bungeni, ukiwa na shule na miaka. Mhandisi aliyejenga madaraja au mwalimu aliyefundisha fizikia Urambo maisha yake yote hana ukurasa kama huo. Wake unasomwa mara moja tu, msibani. Wasifu wa marehemu ni chanzo kizuri sana na watu wanakitupa. Omba nakala kwa familia baada ya arobaini, si siku ya maziko. Ujue tu kwamba umeandikwa usiku mmoja na ndugu waliochoka, kwa hiyo miaka yake ihakikiwe kwenye rejesta kama mingine yote.

Rejesta zenyewe zinahitaji huruma. Mchwa wa Tabora anapanda kutoka sakafuni na ukutani, na masika yanaleta unyevu. Ziwekwe kwenye rafu ya chuma, mbali na ukuta, na chini ya rafu papite ufagio. Ukurasa uliochanika usibandikwe selotepu, maana gundi yake hugeuka njano na kula wino. Piga picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani bila flashi, namba ya ukurasa ionekane. Kurasa zenye taarifa za walio hai zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na adabu ilikuwepo kabla yake.

Shule ikitaka ubao wa heshima, mninga tunao. Herufi zichongwe, kwani rangi tupu hubanduka, na kila jina libebe miaka yake. Kila mstari usainiwe na aliyeuhakiki kwenye daftari la kazi. Nakala moja ibaki kwa mkuu wa shule, ya pili maktaba ya mkoa, ya tatu Nyaraka za Taifa.