Kabla ya Kudhamini Shilingi Moja

Mama anayetoka soko la Kibuye, Kisumu, kununua maharagwe Busia, upande wa Uganda, hukatwa mara mbili: akibadilisha pesa za kwenda, na akirudi na zilizobaki. Mbadilishaji yuko kwenye stuli yake, noti zimefungwa kwa raba, kikokotoo gotini. Wanaotaka Afrika Mashariki iwe na sarafu moja wanamtetea mama huyu, na ni haki yake. Itifaki ya sarafu hiyo ilitiwa saini Kampala mwaka 2013, lengo likiwa ianze 2024. Sasa tunatajiwa 2031, na wengi huku kwetu wanasema viongozi ni waoga.

Mimi siuiti uoga. Sarafu moja ni kudhaminiana madeni, na aliyewahi kumdhamini mtu kwenye chama cha kuweka na kukopa ananielewa. Mwenyekiti huapa kwamba asiyelipa atajijua mwenyewe. Deni likikwama, wadhamini wanapiga hesabu na kuona heri wakatwe akiba kuliko kikundi kivunjike. Mkopaji naye alilijua hilo tangu siku ya kuchukua hela. Nadharia ya michezo, elimu ya jinsi watu wanavyoamua wakikisia wenzao watafanya nini, inasema hivyohivyo: tishio ambalo mtishaji mwenyewe litamuumiza halimzuii mtu.

Ugiriki, iliyokuwa kwenye sarafu moja ya Ulaya, yuro, ilikopa hivyo. Nakisi yake ya mwaka 2009, yaani matumizi ya serikali yaliyozidi mapato, ambayo serikali ilikuwa imeikadiria chini ya asilimia 4 ya pato la taifa, ilikuja kubainika kuwa zaidi ya 15. Mkataba wa Umoja wa Ulaya ulikataza nchi kubeba deni la mwenzake. Mei 2010 wenzake wa yuro na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wakaahidi mkopo wa yuro bilioni 110, maana benki za Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimeikopesha Ugiriki, na ingeanguka nazo.

Lakini linaloninyima usingizi ni la mwaka 2003. Ujerumani, iliyosisitiza kuliko wote kwamba nakisi isizidi asilimia 3, ilivuka mpaka huo pamoja na Ufaransa. Novemba, mawaziri wa fedha wa Umoja wa Ulaya wakasimamisha hatua za nidhamu dhidi yao. Mwamuzi alimwogopa mchezaji mkubwa. Asilimia 3 hiyohiyo imo kwenye itifaki yetu, na Kenya imeivuka miaka nenda miaka rudi. Nani mezani ataiadhibu Kenya, yenye uchumi mkubwa kuliko wote? Burundi?

Wapo wanaotukumbusha kwamba tuliwahi kuwa na shilingi moja, na ni kweli. Ila bodi iliyoitoa ilikuwa ya mkoloni mmoja. Zilipokuja serikali tatu huru zenye bajeti tatu, haikudumu: kufikia 1966 kila nchi ilikuwa na benki kuu yake.

Nikubali pia kwamba kusubiri kuna gharama, na anayeilipa ni yule mama. Basi aanze kusaidiwa yeye. Ada ya kutuma pesa kwa simu kutoka Kisumu hadi ng'ambo ya Busia inaweza kushushwa mwaka huu, bila Mkenya yeyote kumdhamini waziri wa fedha wa jirani, wala jirani kumdhamini wetu.