Kuongezewa damu wakati ugonjwa hauponi tena: kuendelea au kuacha?

Mgonjwa wa mielodisplasia (ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu nzima) au lukemia (saratani ya damu) iliyogoma dawa anafika mahali uboho wa mifupa umechoka kabisa kutengeneza damu, na hapo ndo familia inagawanyika, wengine aendelee kuongezewa, wengine aachwe apumzike.

Wanaosema aache tusiwabeze. Mwanzoni ukiongezewa unakaa hata mwezi, baadae wiki mbili, mwishowe wiki haijaisha unarudi, na siku yenyewe imeliwa yote na kupimwa, kusubiri damu inayoendana, kuchomwa mishipa iliyokwisha jificha. Kuna na suala la madini ya chuma, kila uniti (mfuko mmoja wa damu) inaingiza kama miligramu 200 hadi 250 na mwili hauna njia ya kuitoa ikizidi, inajazana kwenye ini na moyo. (Ila kwa mtu aliyebakiza miezi michache hilo la chuma lisimnyime mtu usingizi, madhara yake huchukua muda mrefu.)

Sasa upande wa pili. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ikishuka sana mtu anahema kwa kwenda chooni tu, moyo unaenda mbio, hata kuongea anachoka. Akiongezewa anakaa, anakula na wenzie, anacheka. Damu hiyo haigusi ugonjwa, inampa pumzi, yaani ni tiba shufaa yenyewe, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata kama haponi! Cha ajabu sehemu nyingi huduma za tiba shufaa hazitoi damu, kwa hiyo mgonjwa anaambiwa achague, damu au huduma ya kumtuliza, ndo maana wagonjwa wa damu wengi wanafikishwa huko siku za mwisho mwisho kabisa.

Mimi naona kosa ni kuichukulia damu kama alama ya kupambana, halafu kuacha ikaonekana ni kukata tamaa. Swali la kumuuliza mgonjwa mwenyewe, sio ndugu, ni moja tu: ile ya juzi ilikupa siku ngapi nzuri? Kama zipo, aendelee, hata kama vipimo vinatisha. Kama mara mbili tatu mfululizo hajaona tofauti basi tunamchosha bure. Kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ndo kabisa, za kuongezewa zinadumu siku chache tu, kumkimbiza mtu hospitali kwa sababu ya namba ya kipimo tu wakati havuji damu popote sioni faida yake kwa hatua hiyo.

Na akiamua kuacha, aambiwe mapema itakavyokuwa, usingizi mwingi, pumzi fupi, pengine kuvuja damu. Mofini ya kupunguza kuhema iwepo nyumbani na wanaomuuguza waelekezwe kuitumia, shuka na taulo ziwe za rangi nzito ili damu ikitoka nyingi isiwatie watu kiwewe. Wengi hawaambiwi haya, usiku damu ikianza kutoka wanambeba mbio kumrudisha wodini alikokuwa ameshasema hataki kurudi.