Kodi ya kaboni na gunia la viazi la Uyole

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na hapa Mbeya tangazo hilo husomwa kwa makini. Bei yetu huwa juu ya ile ya Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta yenyewe hupanda lori na kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi kutufikia. Dizeli ikipanda, mwenye lori la Fuso anayepakia viazi Uyole hupandisha nauli ya gunia siku hiyo hiyo. Mnunuzi wa Dar hana sababu ya kuongeza bei. Anayebeba tofauti hiyo ni mkulima wa Umalila au Makete, ambaye tayari alikwishapunjwa kwa lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo.

Naanzia kwenye gunia hilo kwa sababu mjadala wa kodi ya kaboni hutufikia ukiwa umevaa suti ya mikutano ya kimataifa, na wengi huamua kuupinga au kuushabikia kabla ya kujiuliza utamgusa nani kati ya Makambako na Tunduma.

Wazo lenyewe si gumu. Anayechoma makaa ya mawe, dizeli au gesi huwasababishia wengine hasara asiyoilipia. Basi alipie kwa kila tani ya hewa ukaa anayoitoa. Mwanauchumi wa Uingereza Arthur Pigou alieleza kanuni hiyo mwaka 1920. Finland iliitumia kwa kaboni mwaka 1990, Sweden ikafuata mwaka 1991, na barani kwetu Afrika Kusini ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, ikiwa na misamaha mingi mno kwa viwanda.

Wanaoipinga wana hoja nzito, na sikubaliani na wanaozipuuza. Mtanzania wa kawaida, ukihesabu mafuta na makaa yanayochomwa nchini kwa mwaka, hafikishi hata nusu tani ya hewa ukaa. Mmarekani hupita tani 14. Kumwambia huyu wa kwanza alipe ili kuponya alichokiharibu wa pili ni jambo linalouma, na linauma zaidi ukiwa Ludewa. Pale kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuvichimba na kujenga mtambo wa umeme wa megawati 600. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wako sekondari, na tanuru halijawashwa. Ukienda Mundindi au Nkomang'ombe kuwaeleza watu waliosubiri fidia kwa miaka mingi kwamba sasa makaa yao yawekewe kodi mpya, usitarajie kupigiwa makofi. Dira 2050, mwongozo wa maendeleo ya taifa, nayo inataka uchumi wa dola trilioni 1. Uchumi wa namna hiyo hauwezi kujengwa bila chuma na saruji, wala bila umeme mwingi.

Kisha kuna siasa. Ufaransa mwaka 2018 kodi ya dizeli iliwafanya wenye vizibao vya njano waingie barabarani kuandamana, wengi wao watu wa miji midogo na vijijini wasio na usafiri mwingine zaidi ya gari, na serikali ikasitisha nyongeza. Australia iliweka bei ya kaboni Julai 2012 na kuifuta Julai 2014 baada ya chama kilichoipinga kushinda uchaguzi. Kanada ilifika mbali zaidi, maana ilizirudishia familia fedha moja kwa moja. Hata hivyo Waziri Mkuu Mark Carney aliondoa tozo hiyo kwa walaji kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Watu waliiona bei kila walipojaza tangi. Malipo waliyorudishiwa yaliingia benki kimyakimya, na wengi hawakuyahesabu. Mwanasiasa wa Tanzania anayeangalia yote hayo ana haki ya kuogopa.

Lakini upande wa pili nao hauongei hewani. Sweden ilianza na krona 250 kwa tani, leo inatoza zaidi ya dola 100, na tangu 1990 hewa ukaa yake imepungua kwa takriban theluthi huku uchumi ukikua kwa zaidi ya nusu. Viwanda vyake vilipewa kiwango cha chini kwa miaka mingi, hadi 2018, kwa hiyo si kweli kwamba walijitosa bila tahadhari. Mtu wa Mufindi atavutiwa zaidi na kilichotokea kwenye joto la majumbani. Mafuta yalipopanda kwa kodi na kuni zikaachwa bila kodi, miji ya Sweden iligeukia mabaki ya misitu. Pita Mafinga uone marundo ya maranda na mabanzi nyuma ya viwanda vya mbao vinavyolishwa na shamba la Sao Hill, mengine yakichomwa tu kuyaondoa njiani. Hiyo ni nishati inayokosa mnunuzi kwa sababu makaa hayalipii moshi wake.

Hoja ya pili ni ya mpakani. Umoja wa Ulaya umeanza kutoza kaboni kwa bidhaa zinazoingia kwake, kwa malipo yanayohesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026 na kuongezeka hatua kwa hatua, na chuma, saruji, mbolea na alumini zimo. Kodi ya kaboni iliyolipwa nchi bidhaa ilikotengenezwa hupunguzwa kwenye malipo hayo. Siku chuma cha Liganga kitakapoyeyushwa kwa makaa ya Mchuchuma na kuuzwa Ulaya kwa wingi, kodi italipwa. Swali lililobaki ni kama italipwa Dodoma au Brussels. Mimi nataka ibaki Dodoma, na sehemu yake irudi Ludewa.

Watetezi wengine huongeza, kama ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi, Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima na ambao tangu 1993 hukauka kiangazi, ukayumbisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Hapo naomba tuwe wakweli. Ruaha ulikaushwa kwa kiasi kikubwa na mifereji ya mpunga na mifugo kule Usangu, siyo na moshi wa viwanda vya mbali. Usitumike kama ushahidi wa kitu kingine.

Kinachokosekana kwenye pande zote mbili ni hesabu ya nyumbani. Katika bajeti ya 2023/24 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kugharamia miradi ya kimkakati, na shilingi 1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Tukichukua dola kuwa shilingi 2,500, ile shilingi 100 peke yake, bila ushuru na tozo nyingine zilizokuwapo, ni sawa na dola 15 hivi kwa tani. Tani ya saruji ina mifuko 20, yaani shilingi 20,000. Ukikadiria kuwa hutoa kilo 700 za hewa ukaa, tunapata karibu dola 11 kwa tani. Randi 120 za Afrika Kusini zilikuwa kama dola 8 wakati zinaanza.

Kwa hiyo mzigo unaoogopwa uko mgongoni tayari. Faida yake ndiyo haipo. Chukua viwanda viwili vya saruji. Kimoja kinachoma makaa matupu. Kingine kinachanganya pumba za mpunga wa Mbarali kwenye tanuru na kuongeza jivu la volkano, ambalo milima ya Rungwe imetuachia kwa wingi, ili kupunguza klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji. Vyote viwili vinalipa shilingi 1,000 ile ile kwa mfuko. Aliyejitahidi hapati hata senti, na Ulaya haitaihesabu tozo hiyo maana haikupimwa kwa kaboni. Makaa yenyewe ya Kiwira na Ngaka hulipiwa mrabaha kwa thamani yake sokoni, si kwa moshi wake.

Ndiyo maana siungi mkono kodi mpya, wala siungi mkono kuachana na wazo lenyewe. Tozo ya saruji ya 2023 igeuzwe: kiasi kinachokusanywa kibaki pale pale kwa kuanzia, lakini kila kiwanda kilipe kulingana na moshi wa tanuru lake. Anayetumia pumba na maranda alipe pungufu ya shilingi 1,000, anayechoma makaa matupu alipe zaidi. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na matanuru makubwa nchini ni machache. Kuyapima si kazi ya kututoa jasho. Mchuchuma iingie kwenye utaratibu huo tangu siku ya kwanza, mwekezaji akiijua bei kabla hajamwaga zege. Najua mfuko wa saruji unaweza kupanda kidogo kwa viwanda vitakavyochelewa, na anayejenga chumba chake Mbalizi atauhisi. Ni gharama ninayoiona, na bado naona inastahili kuliko tozo ya sasa isiyobadilisha chochote.

Dizeli ni jambo jingine. Kodi ya kaboni hufanya kazi pale mtu anapokuwa na njia ya pili. Mkulima wa Uyole njia yake ya pili ni TAZARA, reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 na zaidi kwa mwaka na ambayo kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya hizo, huku malori yakipangana Kitonga na Mlima Nyoka. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya China wa kuifufua kwa dola bilioni 1.4. Behewa la mizigo likianza kutoka Iyunga kila siku kwa ratiba inayoaminika, na gunia la viazi likafika Dar kwa nauli iliyo chini ya ile ya Fuso, hapo waziri wa fedha aje tuzungumze kuhusu dizeli. Kabla ya hapo, nyongeza yoyote kwenye lita itaishia kwenye bei ya shambani.