Mashavu ya mpwa wangu na lile neno "asili"

Jumapili moja mpwa wangu aliingia kwangu Kireka, nje kidogo ya Kampala, amevaa barakoa, na korona tulishaizika zamani. "Mama mdogo, usicheke," akasema, akaivua. Mashavu yote mawili yamebabuka, yamekauka, yanameremeta kama yamepigwa pasi. Na chunusi zake? Ziko palepale, hata moja haijahama.

Alikuwa amepaka maji ya limau yaliyochanganywa na magadi soda, usiku tatu mfululizo, na kila asubuhi akasimama juani kungoja teksi. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba ni dawa ya asili.

Sikucheka. Nilipokuwa na miaka 17, tukiishi kambini Jinja (Kiswahili changu ni cha huko, cha watoto wa wanajeshi), nililala na dawa ya meno usoni nikaamka na alama ambazo mama alidhani nimechomwa na moto. Kwa hiyo siandiki haya kama mjuzi, naandika kama mtu aliyeungua.

Linaloniudhi ni hilo neno "asili". Upupu nao ni wa asili, kaupake basi. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ya kama 5. Limau liko kwenye 2 hivi, magadi soda yako juu ya 8. Msichana akivichanganya kwa kukisia, hajui ngozi yake ameitupa upande upi, halafu anaitoa juani. Tena ndani ya limau na ndimu, hasa kwenye ganda, kuna kemikali zinazoamshwa na jua zikaunguza ngozi. Kwetu sisi weusi kuungua hakuishii kwenye uwekundu: hata jeraha dogo mara nyingi huacha doa jeusi linalokaa miezi. Ukiuliza wengi wetu, kinachotuumiza zaidi si chunusi, ni doa lake.

Na chunusi yenyewe haitoki kwenye uchafu. Homoni za kubalehe huamsha tezi za mafuta, mafuta na seli zilizokufa huziba tundu la nywele, bakteria waitwao Cutibacterium acnes hushamiri humo, na mwili huwaka. Ndiyo maana kunawa mara 6 kwa siku hakusaidii, na kusugua kwa kitambaa kigumu huongeza moto. Njugu za mtaani hazina kosa zililosingiziwa, wala mafuta ya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) hayapandi kutoka tumboni kwenda shavuni. Soda na vitu vitamu, hivyo angalau vina ushahidi kiasi dhidi yavyo. Kuhusu wale wanaosema mwenye embalabe (chunusi kwa Kiganda) anatamani kuolewa, nawaachia vijana wa steji ya boda, wana muda.

Mama yangu yeye alikuwa na mumbwa, kile kijiti cha udongo uliokandwa na mitishamba kinachouzwa soko la Owino, Kampala. Aliusugua kwenye maji akanipa ninywe "kusafisha damu". Namheshimu mama, lakini damu ina ini na figo za kuishughulikia, na chunusi haziko kwenye damu. Udongo ukipakwa usoni hunyonya mafuta, ni kweli, ila ukizidisha unakausha ngozi hadi inapasuka.

Kigaji, yaani mshubiri (aloe vera), sikitupi. Ninacho barazani kwenye kopo la rangi. Ute wake hutuliza ngozi iliyochokozwa, hilo nimeliona kwa macho yangu, ila si wengi wanaoambiwa kuhusu yale maji ya njano yaliyo chini ya ganda: yanawasha. Ukikata jani, lisimamishe kwanza yachuruzike, lioshe, ndipo uchukue ute mweupe. Asali nayo huzuia bakteria na haidhuru wengi, lakini kuingoja imalize chunusi ni kungoja basi kwenye njia isiyopita basi. Katika mafuta ya mimea, yaliyonishawishi ni ya ti-trii (kwa Kiingereza "mti wa chai"), mti wa Australia usiohusiana kabisa na majani ya chai ya Fort Portal. Mwaka 1990 watafiti wa Australia waliipima jeli yake ya asilimia 5 dhidi ya benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya dukani, ya asilimia 5 kwa watu 124. Zote mbili zilipunguza chunusi. Ti-trii ilichelewa, lakini iliwasha watu wachache kuliko ile nyingine. Iko nchini, ila ni ghali, na ikipakwa bila kuzimuliwa huunguza.

Wapo watakaosema natetea maduka. Hapana. Mbaya kuliko limau ni zile krimu za kuchanganywa dukani na kufungwa kwenye kopo lisilo na maandishi. Nilinunua moja kwa shilingi 15,000 mjini miaka ile. Wiki mbili uso ukang'aa, watu wakanisifu. Nilipoacha, chunusi zilirudi na ndugu zao. Nyingi ya krimu hizo huwa na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), na steroidi zenyewe huzalisha chunusi. Nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, vitu vya kung'arisha ngozi, ambazo viwango vya nchi haviruhusu kwenye vipodozi.

Mpwa wangu nilimwambia aache kila kitu kwa wiki mbili. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, asubuhi na jioni, basi. Nikamwondolea na mafuta mazito ya nywele, maana vipele vyote vya paji la uso vilifuata mstari wa nywele kama vimechorwa na rula. Ngozi ilipotulia tulikwenda duka la dawa tukanunua benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Ile ya 10 haiponyi zaidi sana, inachoma zaidi tu. Niliyesahau kumwonya ni taulo langu la bluu: dawa hiyo hufuta rangi ya kitambaa, sasa lina mabaka meupe.

Kazi kubwa ilikuwa kumzuia asikate tamaa, kwa sababu dawa hii huhitaji wiki 8 hadi 12, na simu inamwonyesha kila usiku mtu aliyepona kwa siku 3. Angekuwa na vile vijipu vya ndani vinavyouma na kuacha mashimo, nisingempeleka duka la dawa, ningempeleka moja kwa moja kwa daktari wa ngozi.

Wiki iliyopita alikuja bila barakoa. Paji limesafika. Kidevuni ana tatu mpya, zile zinazokuja na hedhi, na madoa ya limau bado yako mashavuni, yameanza kufifia pembeni. Aliomba jani la kigaji. Nikamwambia akate mwenyewe, ila alisimamishe kwanza.